Mafunzo Niliyopata kwa Kufunga Bolti Kwenye Zege

Mimi ni fundi wa vyuma, Dar es Salaam. Natengeneza na kufunga minara ya matenki ya maji, vizuizi vya balkoni na ngazi, nguzo za maghala, mabango, na kila chuma kingine ambacho lazima kisimame juu ya zege au kining'inie chini yake. Kuchomelea nilifundishwa na watu. Bolti hakuna aliyenifundisha, kwa sababu karakana nyingi humpa kazi hiyo kijana wa mwisho kuajiriwa, eti ni kutoboa tu. Haya nimeyaokota kwenye kazi zangu, kwenye kazi za wenzangu nilizoitwa kuzirudia, na kwenye karatasi za watengenezaji ambazo watu huzitupa pamoja na boksi.

1. Kina kwanza, unene baadaye

Mteja akiona makadirio huuliza, "Fundi, umeweka bolti namba ngapi?" Ukimwambia 12 anakunja uso, ukimwambia 16 anatabasamu. Hakuna anayeuliza inaingia kiasi gani.

Tufanye hesabu. Bolti ya milimita 12 ya daraja 8.8, namba ambayo hugongwa kwenye chuma chenyewe, hukatika ikivutwa kwa karibu tani 7. Izamishe milimita 70 kwenye zege la kawaida la slabu, lisilo na nyufa, kisha uivute. Zege litang'oka kwenye karibu tani 3, na bolti itatoka nzima. Kinachotoka nayo ni koni ya zege, yenye ncha kule chini bolti ilikoishia na mdomo mpana juu. Upana wa mdomo huo ni kama mara tatu ya kina, kwa hiyo kwa milimita 70 unapata duara la sentimita 21.

Nimewahi kuishika koni hiyo mkononi. Ilikuwa Mbagala, kibanda cha mbele ya duka kiling'olewa na upepo wa mvua, na bolti zake zilikuwa chini barabarani. Nyuzi zilikuwa bado zinang'aa, nati imekaza vilevile, na kila bolti imebeba kipande chake cha zege. Upande uliovunjika ungeweza kuhesabu kokoto, nyingine zimekatika katikati, nyingine zimechomoka na kuacha shimo laini. Mwenye duka alikuwa analaumu bolti za bei rahisi. Nikamwonyesha kwamba bolti hazikuwa na hata alama.

Namna ya kukokotoa koni hiyo ilichapishwa mwaka 1995 na Fuchs, Eligehausen na Breen, na leo ndiyo msingi wa kanuni za Marekani na za Ulaya. Anachopaswa fundi kukijua ni hiki: ukiongeza kina mara mbili, nguvu ya koni hukaribia kuongezeka mara tatu. Ukiongeza ubora wa zege mara mbili, unapata asilimia 40 tu zaidi. Ukinenepesha bolti na kuacha kina kilekile, koni haijui kama umebadilisha kitu. Bolti ileile ya 12 ikizama milimita 110 badala ya 70, zege linabeba karibu tani 6 badala ya 3, na tofauti ya bei ni pesa ya soda. Hizo ni nguvu za kuvunja, lakini. Mzigo wa kufanyia kazi uwe chini ya nusu ya hapo.

2. Lipu, skridi na vigae havihesabiwi

Hili limeangusha vitu vingi mjini kuliko jambo lingine lolote ninalolijua. Nyumba zetu hupigwa lipu ya milimita 15 hadi 25. Sakafu huwekewa skridi ya milimita 40 au 50, halafu gundi na vigae. Vyote hivyo vinapendeza, na hakuna hata kimoja kinachoshika bolti.

Chukua rolboti, yaani bolti ya kutanuka, ya milimita 100 uifunge kwenye sakafu ya ghorofani yenye vigae. Nati na washa vinakula 15. Bamba la chini ya nguzo 8. Kigae na gundi yake 15. Skridi 40. Kilichoingia kwenye slabu yenyewe ni milimita 22, na mwenye nyumba anahesabu kwamba amefungiwa bolti ya sentimita 10. Hata ukutani, lipu ya milimita 20 ikigeuza kina cha 70 kuwa 50, umepoteza asilimia 40 ya nguvu.

Kabla ya kununua bolti natoboa tundu moja la majaribio kwa biti ya milimita 6. Lipu inatobolewa kwa ulaini, vumbi lake ni la mchanga mchanga. Ukifika kwenye zege drili inabadilisha sauti, mkono unahisi kokoto, vumbi linakuwa laini na jeupe zaidi. Hapo nasimama, natia waya, napima. Kina cha bolti kinaanza kuhesabiwa kuanzia hapo, na urefu wa kununua ni kina hicho pamoja na kila kilichopo juu yake. Wauzaji wa Gerezani wamenizoea. Zamani walikuwa wakicheka nikiulizia za 160 kwa ajili ya kizuizi cha balkoni.

3. Ukingo na majirani

Koni inahitaji nafasi. Kama mdomo wake ni mara tatu ya kina, basi kila upande inahitaji kina mara moja na nusu. Bolti ya milimita 70 ikiwa karibu na ukingo kuliko milimita 105, sehemu ya koni imekatwa na hewa. Mbili zikiwa karibu kuliko milimita 210, zinagawana koni.

Huko kugawana ndiko watu wasikokuamini. Bamba la sentimita 15 kwa 15 lina bolti nne, zimepishana sentimita 10, kila moja imezama sentimita 10. Bolti moja peke yake ingekuwa na eneo la 30 kwa 30, yaani 900. Nne pamoja zinachukua 40 kwa 40, yaani 1,600. Kwa hiyo bolti nne zinabeba chini ya mbili. Mama mmoja mwenye nyumba, mtu mzima mwenye busara zake, aliniambia, "Basi weka sita, fundi, mimi sina haraka." Nikamwambia, "Mama yangu, sita ndani ya bamba hilohilo ni kutoboa zege bure. Nipe bamba pana zaidi." Alikubali bamba pana baada ya kuniuliza linaongeza shilingi ngapi, na ilikuwa haki yake kuuliza.

Kwenye balkoni mambo mawili haya yanakutana na la tatu: wenzo. Kizuizi kina urefu wa mita moja. Mtu akiegemea juu kwa nguvu ya kilo 50, na bolti za nyuma ziko sentimita 8 kutoka ukingo wa bamba linakobana, bolti hizo zinavutwa kwa kilo 625. Huyo ni mtu mmoja anayeongea na simu. Siku ya sherehe wanaegemea watatu. Bolti za mbele nazo zinasukumwa kuelekea nje, ambako kuna sentimita 4 au 5 tu za zege, na zege likisukumwa hivyo humeguka kama nusu ya koni iliyolala.

Rolboti za kutanuka ndizo mbaya kuliko zote pembeni, maana zinashika kwa kulisukuma zege kwa ubavu. Nimeona ukingo ukipasuka fundi akiwa bado anakaza nati, kabla mtu yeyote hajaegemea. Kama mwenye nyumba hakubali kusogeza kizuizi ndani, natengeneza bamba refu linaloingia ndani ya balkoni ili bolti zinazovutwa zikae mbali na ukingo, na nazishika kwa gundi, ambayo haitanui tundu. Kama slabu haijamwagwa, namwomba fundi wa nondo aniachie nafasi nizamishe bamba langu mapema. Hilo ni bora kuliko yote, na halifanyiki kwa sababu mtu wa vyuma huitwa mwisho.

4. Vumbi

Mpishi wa chapati hunyunyiza unga kwenye ubao ili donge lisinate. Fundi anayetia gundi kwenye tundu lenye vumbi anafanya kilekile bila kujua. Resini inashika vumbi kwa nguvu zake zote, na vumbi halijashika chochote.

Njia yenyewe ni rahisi na inachosha: puliza, sugua, puliza, kwa idadi iliyoandikwa kwenye karatasi ya bidhaa, mbili mbili au nne nne. Kupuliza kuanzie chini ya tundu, kwa mrija unaofika mwisho. Pampu ya baiskeli iliyofungwa mrija mwembamba inafanya kazi kwenye matundu mafupi. Kompresa ni bora. Usipulize kwa mdomo, maana pumzi ina unyevu, na vumbi litakurudia machoni. Brashi iwe ya waya, ya duara, kubwa kidogo kuliko tundu, ili ikiingia uisikie ikikwaruza. Brashi inayoingia kwa ulaini imekwisha, itupe. Nilimwonyesha kijana wangu mmoja kwa kumfanya aingize kidole kwenye tundu alilosema amelisafisha. Kilitoka cheupe hadi kwenye kiungo.

Kwa rolboti vumbi si janga la namna hiyo, ila likijaa chini bolti haifiki kina chake, na kijana ataipiga nyundo mpaka nyuzi ziharibike.

5. Gundi inasikia joto, na inasikia muda

Gundi za kemikali zimekuwa nyingi madukani, na nazipenda. Zina masharti ambayo hali ya hewa yetu inayafanya kuwa magumu zaidi. Mirija mingi inatakiwa kuhifadhiwa kati ya nyuzi joto 5 na 25. Sasa fikiria mrija uliopangwa kwenye rafu ya duka la bati mwezi Februari. Mimi hutazama tarehe ya mwisho wa matumizi, kisha hutazama duka lenyewe: kama lina jua linaloingia moja kwa moja, nanunua kwingine.

Joto pia linafupisha muda wa kufanyia kazi. Gundi ambayo kwenye baridi inakupa robo saa na zaidi, hapa kwetu adhuhuri inaweza kukupa dakika chache tu. Kwa hiyo matundu yote yatobolewe na kusafishwa kwanza, bolti zipangwe, ndipo mrija ufunguliwe. Gundi ya mwanzo inayotoka kwenye ncha ya kuchanganyia itupwe mpaka rangi iwe moja. Michirizi maana yake sehemu mbili hazijakutana, na hiyo haitakauka hata ukingoja mpaka Pasaka. Jaza kuanzia chini, ukirudisha ncha taratibu, theluthi mbili za tundu. Ingiza bolti kwa kuizungusha. Gundi kidogo ikitokeza juu, vizuri. Isipotokeza, kuna hewa ndani. Kisha iache. Kijana anayetikisa bolti kuona kama imeshika ndiye anayeizuia isishike. Na zege lenyewe liwe limekomaa. Kanuni za Marekani zinataka lifikishe angalau siku 21 kabla ya kutiwa bolti za gundi.

Kuna jambo jingine ambalo sikulijua mpaka niliposoma habari za Boston. Tarehe 10 Julai 2006, ndani ya handaki la barabara kuu mjini humo, paneli za zege za dari ziliangukia gari lililokuwa na mtu na mke wake. Mke alifariki. Vilivyoanguka, paneli pamoja na vyuma vyake, vilikuwa karibu tani 26. Dari hiyo ilining'inizwa kwa bolti zilizoshikwa kwa gundi ya epoksi kwenye paa la handaki. Bodi ya usalama wa usafirishaji ya Marekani ilichunguza na mwaka 2007 ikaeleza kwamba gundi iliyotumika ilikuwa ya aina inayokauka haraka, na aina hiyo ikibeba mzigo mfululizo huvutika polepole. Bolti zilikuwa zikishuka kidogo kidogo kwa miaka. Mwaka 1999, wakati wa ujenzi, baadhi zilionekana zimeanza kuchomoka. Zikarekebishwa, zikavutwa kwa kipimo cha muda mfupi, zikafaulu.

Hilo la kufaulu ndilo lililonishtua. Kipimo cha dakika chache kinaonyesha kama gundi imeshika leo. Hakionyeshi itafanya nini ikibebeshwa mzigo usiku na mchana, mwaka hadi mwaka.

Japani nao walipata yao. Tarehe 2 Desemba 2012, kwenye handaki la Sasago mkoani Yamanashi, dari ya zege ilianguka kwa urefu wa zaidi ya mita 100 na kuua watu 9. Handaki lilifunguliwa mwaka 1977, na bolti za dari hiyo nazo zilishikwa kwa resini.

Tangu hapo, kitu kinachoning'inia juu ya vichwa vya watu moja kwa moja sikishiki kwa gundi ya kawaida ya dukani. Natoboa slabu hadi ng'ambo na kufunga bolti yenye bamba juu kama mwenye jengo anakubali, au natumia bolti za kubana kwa chuma zilizopimwa kwa zege lenye nyufa. Maneno hayo ya nyufa yana maana kubwa. Upande wa chini wa slabu katikati ya chumba ndiko zege linavutika, na ndiko nyufa nyembamba za nywele huzaliwa, hata kwenye jengo zuri kabisa. Ile bolti ya milimita 70 iliyobeba karibu tani 3 kwenye zege zima hubeba karibu 2 kwenye zege lenye nyufa, na hiyo ni kama imetengenezwa kwa ajili ya nyufa. Kama haikutengenezwa hivyo, ufa ukipita kwenye tundu bolti hulegea, na anayelala chini ya feni hana habari.

6. Nati ndiyo inayoiwasha rolboti

Rolboti ya kutanuka ikishagongwa ndani bado haijashika. Inashika pale nati inapoivuta juu na ncha yake nene kuingia kwenye pete inayoizunguka, pete ikatanuka na kubana zege. Nati isipokazwa ipasavyo, umefunga msumari. Ikikazwa kupita kiasi, umekata bolti au umepasua zege.

Kwa rolboti nyingi za milimita 12 karatasi hutaja kati ya Nm 40 na 60. Kwa asiye na spana ya kipimo, 50 ni sawa na kubonyeza kilo 20 mwishoni mwa spana ya sentimita 25. Bonyeza mizani ya bafuni kwa mkono mara kadhaa mpaka ujue kilo 20 zinafananaje. Bomba la kurefushia spana naliacha nyumbani, linadanganya mkono.

Bolti ikizunguka pamoja na nati, tundu ni pana. Sababu mara nyingi ni biti iliyokwisha, ambayo huyumba, au fundi aliyesimama vibaya juu ya stuli. Biti ya kawaida ya ukutani kwenye drili isiyo ya nyundo itakupa tundu la umbo la yai. Nunua biti nzuri.

7. Ukigonga nondo

Drili inagoma, inapiga kelele ya chuma, vumbi linakoma kutoka. Wapo wanaobadilisha biti ya chuma na kuendelea. Kwenye bimu au nguzo hiyo ni kukata kitu kilichohesabiwa na mtu aliyesomea. Sogeza tundu, na lile la zamani lijaze kwa saruji imara isiyosinyaa. Tundu tupu lililo jirani hudhoofisha koni ya jipya. Ndiyo maana matundu ya bamba langu huwa nayatoboa baada ya kujua nondo ziko wapi, si karakanani.

8. Tofali na mawe ya pwani

Kila kilichosemwa hapo juu ni cha zege. Tofali la saruji lenye matundu ndani halina koni; lina ukuta mwembamba wa sentimita 3 au 4, na rolboti ikitanuka hapo inauvunja. Gundi nayo inamwagikia ndani ya uwazi. Kuna soksi za wavu za plastiki za kuzuia gundi isipotee, zinatumika vizuri kwa tenki dogo la maji ya moto au fremu ya mlango. Kwa runinga na makabati mepesi, fisha inatosha. Plagi hiyo ya nailoni ilibuniwa na Artur Fischer huko Ujerumani mwaka 1958, na mpaka leo vijana wanaitumia kufungia vitu ambavyo mwenyewe asingethubutu.

Mawe ya matumbawe na chokaa, kama ya Mji Mkongwe wa Zanzibar au Lamu, yanataka adabu zaidi. Chokaa ni laini, jiwe lina vishimo, na ukuta una unene wa nusu mita. Huko napitisha bolti hadi upande wa pili na kuweka bamba pana, ukuta ubanwe kati ya mabamba mawili. Na kabla ya hapo naenda kwa mamlaka ya hifadhi, maana huko si kila tundu linaruhusiwa.

9. Chumvi

Kigamboni, Tanga, Mombasa, popote unapoonja chumvi mdomoni jioni, bolti iliyopakwa zinki ya kung'aa haidumu. Mng'ao ule ni utando wa mikroni 5 hivi. Iliyochovywa kwenye zinki ya moto ina mikroni 40 na zaidi, ina rangi ya kijivu iliyofifia na mikwaruzo, na watu huikataa dukani kwa sababu haipendezi. Mbele ya bahari yenyewe natumia chuma cha pua chenye alama ya A4. Yenye A2 ni nzuri jikoni.

Kutu ya bolti haishii kwenye bolti. Chuma kikioza kinavimba, na kikivimba ndani ya tundu kinapasua zege kutoka ndani. Unaona ufa wa nyota kuzunguka mguu wa kizuizi, mtu anaupaka lipu na rangi, baada ya masika unarudi. Chunguza bolti za balkoni za hoteli ukipata nafasi, kwa jicho tu.

10. Bolti zinazozamishwa zege likiwa bichi

Kwa nguzo za ghala na mashine kubwa, hakuna inayozishinda. Tatizo lake ni moja: zikikaa vibaya, zimekaa vibaya milele. Nimekuta bolti za nguzo zimepishana sentimita 3 na bamba, na mafundi wamezipinda kwa nyundo nzito ili ziingie, au wamepanua matundu ya bamba kwa moto wa gesi mpaka nati inakaribia kuzama.

Kiolezo cha plaiwudi kinatibu hilo. Toboa plaiwudi na bamba kwa pamoja, vikiwa vimebanwa. Funga bolti kwenye plaiwudi kwa nati mbili, ya juu na ya chini, pima mshazari kwa mshazari, kisha ufunge kiolezo chenyewe kwenye boksi la mbao, wala si kwenye nondo ambazo wamwagaji watazikanyaga. Nyuzi zipakwe grisi na kuvishwa mfuko wa nailoni. Simama hapo wakati wa kumwaga. Injinia anaweza kuondoka, wewe usiondoke, kwa sababu vibreta ikigusa kiolezo hakuna mwingine atakayejali.

Kuhusu bolti zenye ndoano chini, zile zenye umbo la J au L: ndoano ikivutwa sana hunyooka na kuteleza nje. Napendelea bolti iliyonyooka yenye nati na washa nene chini, iliyochomelewa isifunguke. Ni kazi ileile na nguvu zaidi. Chini ya bamba acha nafasi ya milimita 25 hadi 50 kwa ajili ya grauti, na grauti iingie yote. Nguzo iliyoachwa imesimama juu ya nati nne inazifanya bolti zibebe kazi ya miguu.

Mashine zinazotikisika, kama za kusaga au jenereta, nazifunga kwa bolti hizi hizi au kwa gundi, na nati mbili zilizobanana. Rolboti kwenye mtikisiko hulegea, unaikaza, inalegea.

11. Tenki tupu

Mnara wa tenki unatisha ukiwa umejaa maji, kwa hiyo watu hudhani bolti zake hufanya kazi hapo. Tenki likijaa uzito unaikandamiza miguu chini na bolti zinapumzika. Zinafanya kazi siku maji yamekatika, tenki ni tupu, na upepo wa kusi unalisukuma pipa pana la plastiki lililo mita 6 juu. Hapo mguu wa upande wa upepo unataka kunyanyuka, na kinachouzuia ni bolti zake na uzito wa zege lililo chini yake. Zege dogo la kibaba, hata bolti ikishika vyema kiasi gani, linanyanyuka nayo.

12. Kupima na kuandika

Gundi ya kizuizi ikishakauka, nakivuta kwa mizani ya kuning'iniza ya kupimia magunia, juu kabisa, kilo 75, na nakishikilia hivyo kwa dakika chache. Nachora mstari wa kalamu kutoka kwenye nati kwenda kwenye bamba. Napitisha waya mwembamba ukingoni mwa bamba. Ukiingia mahali ambapo mwanzo haukuingia, bamba limenyanyuka na kazi inarudiwa. Najua kipimo hiki hakionyeshi yale ya Boston, kwa hiyo kwa vitu vya kuning'inia sikitegemei.

Kisha naandika kwenye daftari: aina ya bolti, kina ndani ya zege, umbali wa ukingo, tarehe ya gundi, na picha ya kila tundu kabla halijajazwa. Nakala anabaki nayo mwenye nyumba. Majuzi mteja wa Kimara alipiga simu, anataka kubadilisha tenki lake la lita 2,000 aweke la 5,000 juu ya mnara uleule, ameshalipia nusu dukani. Nilifungua daftari, nikasoma kina, nikasoma ukubwa wa zege la kila mguu, nikamwambia mnara huo hauliwezi. Ama achukue la pili la 2,000 alisimamishe pembeni kwa mnara wake, ama anipe ruhusa nichimbe upya. Alisema atafikiria, na akauliza kama dukani wanarudisha hela.